Jina Langu Lilikuwa Kijani

Niliona jina langu linapanda. Kuliko hata baridi yenyewe, hilo ndilo lililonikaa kichwani.

Nilikuwa ndani ya chumba cha baridi, kile cha kutunzia maua kabla ya kusafirishwa, mlango umefungwa, na mimi nimelowa kuanzia kifuani mpaka kwenye gambuti. Mlango ule una kioo kidogo usawa wa uso. Nilikipangusa kwa kiwiko, kwa sababu vidole vilishakataa. Nje, ukutani juu ya meza zetu, ilikuwepo ile skrini kubwa inayoonyesha nani anachapa kazi na nani analegea. Kusoma kwangu ni kwa kuvuta, mimi ni wa darasa la saba la zamani, ila jina langu nalijua hata kwa mbali. ANASIA. Lilikuwa kijani. Nikagonga kioo kwa ukingo wa ndoo, nikaita, nikaangalia tena. Limepanda. Limempita huyu, limempita yule. Ndani mimi natetemeka mpaka meno yanagongana, na kule nje mimi nafanya kazi kuliko wanawake wote wa shamba.

Nikajiuliza: kati yetu wawili, mimi na yule wa ukutani, watamtafuta yupi?

Naandika haya kwa ajili yenu mabinti mliobaki mezani, na ninyi vijana wa kiume mliobaki kwenye viti. Wameniita mstaafu. Umri wa kustaafu sijafika, nimestaafishwa, na mtaona kwa nini. Kalamu nimeizungushia zile raba tunazofungia mabunda mpaka ikanenepa, ndipo vidole vinaishika. Mwandiko mtanivumilia. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini siandiki, hayo kaulizeni ofisini, wao ndio wanaoyapenda. Mimi naandika kazi.

Siku ya kwanza nilishuka kutoka juu, kwenye migomba, viatu vya kanisani nimevishika mkononi ili visichafuke. Nilikuwa nimeambiwa kazi yenyewe ni ya ndani, chini ya bati, nikadhani ni kama ofisi. Nikavaa viatu getini. Kufika ndani, sakafu nzima ni maji na majani. Mama mmoja mnene, amejifunga kitambaa cha kwaya, akaniangalia toka chini mpaka juu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umevaa vya mazishi?"

Meza nzima ikacheka. Huyo ndiye Mama Ruth wa Kijenge, mwalimu wangu, na bila yeye ningerudi mlimani siku ile ile. Alinipa gambuti zake za akiba, kubwa mno, nikawa natembea kama bata.

Kazi yetu ilikuwa kuchambua waridi. Maua yanatoka shambani kwenye ndoo za maji, unayatoa majani ya chini na miiba, unayapima urefu kwenye ubao, unakata mwisho wa shina, unayapanga kichwa kwa kichwa, unafunga bunda kwa karatasi na raba, linarudi kwenye ndoo, linaingia kwenye baridi kusubiri lori la uwanja wa ndege. Hiyo mtu yeyote anaweza kuisema. Kilichokuwa kazi hasa ni kujua ua lipi lisafiri na lipi libaki. Likifunga mno, litafika huko Ulaya na kufa halijafunguka. Likichelewa, litamwagika njiani.

Mama Ruth alinikataza kuliangalia. "Macho yanadanganywa na taa," alisema. "Liguse." Akanionyesha. Unaminya kichwa cha ua kwa vidole viwili, polepole. Halafu unajigusa uso. Likiwa gumu kama kidevu, bado. Likiwa laini kama ndewe ya sikio, limepita. Ua la kusafiri ni kama ncha ya pua. Kwa hiyo mkono wa kushoto ulikuwa na glovu ya ngozi kwa ajili ya miiba, wa kulia ulikuwa wazi, na meza nzima ya wanawake tunashikashika pua. Wageni wakipita walidhani tunasikia harufu mbaya. Tuliwaacha wadhani hivyo.

Msimu mmoja wa mvua ulituletea ukungu. Unaliona ua zuri, ukiligusa tu, chini ya kikonyo kuna ute. Meneja wa wakati ule alikuwa na haraka na lori, akasema pakieni. Mama Ruth akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Pakia mwenyewe," akamwambia, "na ukishapakia uandike jina lako juu ya boksi." Hayakupakiwa.

Sasa niwaeleze desturi moja, maana mambo yote yanakuja kugeukia hapo. Kwenye meza yetu akiumwa mtu, au ana mtoto mchanga na maziwa yamejaa, au ameshikwa na tumbo la mwezi, alikuwa anakwenda kukaa nyuma, na sisi tuliobaki kila mmoja anatupia bunda kwenye toroli lake. Mwisho wa siku toroli limejaa kama la wengine. Tuliuita msaragambo, kama ule wa kule nyumbani, kijiji kinapotoka pamoja kuchimba mfereji. Mama Ruth alikuwa na sheria moja tu: msaragambo hauhesabiwi. Usimwambie mtu nilikupa mabunda mangapi. Msimamizi wa wakati ule alijua, akawa anageuza uso, mradi lori linaondoka limejaa.

Wanaume nao, nisiwasahau, walikuwa punda. Baraka wa chumba cha baridi alikuwa anabeba ndoo za maji na maua begani kutwa nzima, jioni anatembea ameinama kama anatafuta sindano. Kijana wa miaka ile! Tulikuwa tunamkanda mgongo kwa mafuta ya taa na utani. Rehema, rafiki yangu, Mrangi wa Kondoa aliyepanga chumba Kaloleni, ndiye aliyemkanda kwa nguvu kuliko wote.

"Polepole, dada!"

"Kaza moyo. Ningekuwa mkeo ungelia hivi?"

"Ungekuwa mke wangu ningeshakufa."

Tulikuwa tumechoka wote, wanaume na wanawake, na tulikuwa tumechoka kwa namna moja.

Halafu akaja Meneja Kimaryo, na nyuma yake zikaja kompyuta.

Kimaryo ninamtaja kwa jina na sitamtaja kwa kunong'ona. Msomi, shati limenyooka, kidole chake hakijawahi kuchomwa na mwiba wa waridi. Alitukusanya kwenye banda la chakula akasema kutakuwa na mafunzo. Rehema akanyoosha mkono. Rehema kabla ya maua alikuwa kwenye duka la kutoa kopi pale Kaloleni, anachapa mitihani ya shule na kadi za harusi, kompyuta kwake ilikuwa kama sufuria.

"Mafunzo ni jioni, dada," Kimaryo akasema, anatabasamu. "Nani atawapikia nyumbani?"

"Kwani wewe, Meneja, ukiwa hapa jioni unapikiwa na nani?"

Watu wakacheka. Kimaryo hakucheka. Kesho yake Rehema alihamishiwa mwisho wa meza, pale mfereji wa maji machafu unapopita. Hakuna aliyetuuliza kama jioni tunaweza au hatuwezi. Jibu walikuwa nalo wenyewe.

Wakaenda wanaume. Akaenda hata Godlisten, kijana aliyekuja juzi tu kufagia majani, na huyo naye namtaja. Alipokuwa anafagia alikuwa na adabu kweli kweli, ananiita kwa jina la mwanangu. "Shikamoo, Mama Elibariki, nipishe kidogo nipitishe fagio." Alirudi kutoka mafunzo akapewa kiti chenye magurudumu, meza yenye skrini, na birika lake la chai.

Nisije nikaonekana mchawi wa vitu vipya. Kompyuta si shetani. Nimeona kwa macho yangu ikimponya mtu mgongo. Baraka alipewa toroli la umeme, akafundishwa kuangalia hali ya chumba kwenye skrini, kubeba begani kukaisha. Alinenepa. Siku moja ananiambia, "Mama Elibariki, siku hizi nalala mpaka asubuhi." Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Anajua kazi ambayo kesho anaweza kwenda nayo popote.

Lakini mashine ile ile, mabinti, siku ile ile, ilipofika kwetu mezani haikuja na kiti. Kila mmoja wetu alitundikiwa kadi shingoni yenye mistari myeusi, na mezani ikawekwa skana. Unafunga bunda, unapiga kadi yako, unapiga bunda, inalia ti! Skrini ya ukutani inakuhesabia. Ukienda vizuri uko kijani. Ukipunguza, njano. Ukizidi kupunguza uko mwekundu mbele ya shamba zima, na Godlisten anakuita kutoka kwenye kiti. Ukienda msalani unapiga kadi, inaandika umetoka. Mwanamke mwenye mimba, mwanamke aliye kwenye siku zake, habari za ndani ya nguo yake ziko ukutani na wanaume wanazisoma huku wanakunywa chai. Mwanaume kompyuta ilimpa macho ya kutuangalia. Sisi ilitupa kengele ya mbuzi.

"Anasia! Choo tena?"

Sikilizeni hapo. Anasia. Mtoto aliyekuwa akiniamkia kila asubuhi! Kwenye skrini hakuna Mama Elibariki, kuna ANASIA, na yeye alishaanza kuongea na skrini. Shikamoo ikakauka. Nikasema labda kasahau leo. Kesho vilevile.

Kushika pua kukaisha pia. Ukijigusa uso sekunde zinapita. Tukaanza kuchambua kwa macho, vibaya, haraka, na skrini ikafurahi. Mama Ruth hakuweza. Aliendelea kuminya kila kichwa kama alivyozoea, na akawa mwekundu kila siku, mwanamke aliyekuwa anajua waridi kuliko aliyelipanda. Hakuna aliyemfukuza. Siku moja alivua kadi akaitundika kwenye bomba. "Mwanangu," akaniambia, "kuna kitu kinaniita mvivu, na nikitaka kukijibu sioni uso." Hakurudi.

Msaragambo tuliuhamishia kwenye kadi. Akiumwa mwenzio, anakuachia kadi yake, unafunga mabunda yako, katikati unampigia yeye. Wao waliuita udanganyifu. Kwetu ulikuwa ule ule wa siku zote, ila sasa hata huruma ilibidi ilie ti.

Sasa mlango. Someni hapa taratibu.

Mlango wa chumba cha baridi zamani kwa ndani ulikuwa na kitasa kikubwa chekundu, cha mviringo, kama uyoga. Ukisukuma kwa kiganja, hata ukiwa na glovu, hata gizani, mlango unafunguka. Walipoleta kufuli la kompyuta, mlango ukawa wa kadi. Na kadi zinazoufungua zilikuwa za wanaume tu. Sisi za kwetu zilikuwa za kuhesabiwa. Kimaryo akasema kile kitasa kitoke, kwa sababu mtu akitoka kwa kusukuma mfumo haujui nani katoka. Baraka aliuliza mbele yetu wote:

"Meneja, na mtu akiwa ndani bila kadi?"

"Anafanya nini ndani bila kadi?"

"Au kadi ikianguka, bosi."

"Usiiangushe."

Godlisten ndiye aliyekifungua, kwa bisibisi, nilimwona. Tundu wakaliziba kwa sponji na bati. Kitasa chenyewe kilikaa siku kadhaa juu ya meza yake, anakandamizia makaratasi yasiruke na upepo.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa Februari, ule wa wapendanao, ambao Wazungu wanapendana na sisi hatulali. Baada tu ya chai ya asubuhi Godlisten akapokea simu, maua ya jana yamechanganywa, mengine yamepita. Yako ndani ya baridi, na lori linasubiri. Skana haiwezi kujua ua lililopita. Akaangaza macho mezani, kompyuta haikumsaidia.

"Anasia, wewe una ule mkono wa zamani. Ingia ukachambue."

Rehema akanishika kadi shingoni. "Iache hapa, shoga. Nitakupigia. Usije ukawa mwekundu kwa kazi yao wenyewe." Nikamwachia, kama yeye alivyoniachia mimi mara ngapi.

Baraka alifungua kwa kadi yake, tukaingia wote wawili, akaegemeza ndoo mlangoni usijifunge. Hatujamaliza rafu ya kwanza, mfumo ukaanza kulia huko nje kwamba mlango uko wazi. Godlisten akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake:

"Baraka! Funga mlango huo, unaniharibia! Halafu njoo upande lori, mzigo uliokwishapakiwa uende, hayo ya ndani yatafuata!"

"Kuna mama ndani!"

"Funga nimesema, nitamfungulia mimi!"

Baraka akaniangalia. "Mama, anakufungulia yeye." Akatoa ndoo. Nikasikia mlango ukijibana, ule mlio kama mtu anameza. Baraka akaenda na lori uwanja wa ndege. Simu zetu sisi wanawake tunaziacha getini asubuhi. Godlisten akarudi kwenye skrini yake.

Nilimaliza kuchambua. Nikavuta ndoo ya mwisho kutoka rafu ya juu, ikaniponyoka, ikanimwagikia yote. Feni za mle ndani ni kubwa, zinapuliza bila kupumzika. Nikaenda mlangoni, na mkono ukaenda wenyewe pale kitasa kilipokuwa, kwa mazoea ya miaka. Ukagusa bati.

Mwanzoni nilicheka, jamani. Nikagonga kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Halafu nikapiga. Halafu nikapiga kwa viganja, kwa ngumi, kwa ndoo, bati lenyewe lina baridi ya kuuma kama moto. Nikajifunga makadibodi na karatasi za mabunda. Nikaweka mikono kwapani. Kupitia kioo nawaona wenzangu, migongo tu, vichwa chini. Zamani mtu akipita tulikuwa tunainua vichwa wote kama kuku. Sasa kuinua kichwa ni njano. Na feni, na zile ti, ti, ti, nani angesikia?

Ndipo nikaona jina langu linapanda. Rehema alikuwa ananipigia kwa mapenzi yote aliyonayo. Kila bunda alilonipa lilikuwa linawaambia niko mezani.

Kilichotokea nje aliniambia yeye baadaye, na kingine nilikiona mwenyewe. Aliona muda unakwenda, akamfuata Godlisten.

"Mama Elibariki hajatoka kwenye baridi."

"Anasia?" Hakugeuka. "Yuko mezani. Anaongoza. Jifunze kwake."

"Kaka Godi, angalia meza. Usiangalie ukuta, angalia meza! Unamwona?"

"Mfumo haukosei."

"Haukosei! Ni mimi! Mimi ndiye ninayempigia!"

Na hapa ndipo mpaka leo nashtuka usingizini. Mtu ameambiwa kuna mwanamke ndani ya baridi. Mlango uko hatua chache. Kadi inayoufungua iko mfukoni mwake. Godlisten akasema, "Rudia hapo." Akamwita Kimaryo. Kimaryo akashuka kutoka ofisini. Niliwaona kwa macho yangu, kupitia kioo kile, wamesimama watatu, Godlisten anaonyesha skrini kwa kidole, kanipa mgongo. Nikainua ndoo nikashindwa kuishika. Niliwaona wanaongea! Rehema anasema Kimaryo alimuuliza nani mwingine anapigiana kadi, tangu lini, na kwa mabunda mangapi.

"Fungueni mlango kwanza, mnifukuze baadaye!" Rehema akawaambia.

"Kwanza tumalize hili la udanganyifu."

Rehema akamgeukia Kimaryo akapiga yowe, yowe la msibani. Na wanawake wote wakaacha visu. Meza ya kwanza, ya pili, mpaka za mwisho. Niliona skrini. Majina yakaanza kugeuka njano, moja moja, kama migomba inavyokauka, halafu mekundu, mekundu, mpaka ukuta mzima ukawa mwekundu na mfumo ukaanza kulia. Katikati ya wekundu wote jina moja likabaki kijani, langu, kwa wingi wa mabunda aliyonipigia Rehema. Walikuja wote wakaupiga mlango kwa nje kama mimi nilivyoupiga kwa ndani. Ndipo Godlisten akaja na kadi yake. Kilichomleta ni ule ukuta mwekundu.

Nilitoka saa ya kula cha mchana. Nakumbuka Rehema amevua kanga ananifunga, na mimi nashindwa kusema, midomo haikutani.

Hospitali walifanya walichoweza. Daktari alisema mishipa ya hisia ya vidole imeumia na haitarudi. Nashika mwiba, unaingia, naona damu ndipo najua. Majuzi mkwe wangu kaniletea waridi kutoka Tengeru, kwa nia njema, masikini. Nikaliminya. Nikajigusa uso. Kidevu, pua, sikio, vyote ni kitu kimoja. Nililitupa kwenye zizi.

Rehema walimfukuza wiki ile ile kwa udanganyifu. Amerudi Kaloleni kwenye kopi zake, na kila Jumapili anapanda huku mlimani kunikanda mikono, ananiambia, "Kaza moyo, Mmeru wewe, ungekuwa mume wangu ungelia hivi?"

Wakafanya kikao. Alikuja mtu wa makao makuu ya kampuni, na laptopu. Baraka alisimama akasema kweli, machozi yanamtoka, kwamba alifunga kwa amri na aliahidiwa nitafunguliwa. Godlisten akasema hakumbuki. Kimaryo akageuza laptopu tuione.

"Kwa mujibu wa mfumo," akasema, "Anasia alikuwa mezani muda wote huo. Ndiyo siku yake bora kuliko zote."

Nilidhani nimesikia vibaya, maana Rehema wamemfukuza kwa kunipigia kadi hiyo hiyo. Nikanyanyua mikono. "Na hivi vidole?"

"Mama, huku Meru asubuhi kuna baridi."

Alisema hivyo! Mbele ya watu! Na yule mgeni akaandika. Mlango ulifunguliwa na nani, wakati wananitoa, wanawake wote wanaona? Mfumo unasema ulifunguliwa na Godlisten kwa ukaguzi wa kawaida. Walikuwepo wanawake waliojaa banda zima, wenye macho, na macho yao hayana mistari ya kupiga skana.

Wakaniaga kwa soda, keki na kanga ya jozi. Wakaniita mama mlezi. Godlisten alisimama kutoa hotuba, akaja mbele yangu, akainama vizuri kama zamani za fagio.

"Shikamoo, Mama Elibariki."

Mimi nimelelewa, najua shikamoo ya mtoto hairudishwi mikono mitupu, hata ya adui. Sikumwitikia. Alibaki ameinama pale mpaka mtu akapiga makofi kumwokoa.

Sasa nasema hivi, na ninyi mabinti msomeane kwa sauti wakati wa chai. Wiki iliyopita Baraka alikuja kunisalimia. Nikamuuliza neno moja tu: kitasa? Akaniambia hakijarudi. Tundu bado lina sponji na bati, na wasichana wapya bado wanaingizwa mle kuchambua, kadi zao zikiwa za kuhesabiwa.

Kimaryo, umesema mfumo unajua kila kitu. Basi uulize: mwanamke aliye ndani, mlango umejifunga, mwenye kadi ameondoka, anatokaje? Jibu mbele ya wanawake wote, wakiwa wamesimama, skrini imezimwa. Aliyeamuru kitasa kitolewe aseme ni yeye. Na wewe Godlisten, ulipoambiwa niko ndani, ulikuwa unasubiri nini? Beba bisibisi yako ile ile, kirudishe kitasa mahali pake, mimi nikiwa nimesimama hapo naona. Ukimaliza, niamkie tena. Marahaba yako ninayo. Haitoki mpaka mlango ule ufunguke kwa mkono wa mtu aliye ndani.